Seli Hii Imeruhusiwa na Nani?

Mabibi na mabwana, wenzangu mnaoandika programu, naomba nianzie kwenye stoo moja ya kahawa mjini Mbale, ambako karani alikuwa akitumia jedwali nililolitengeneza mwenyewe kwa Qt, maktaba ya kutengenezea programu zenye madirisha na vitufe, lenye namba ya risiti, jina la mkulima na kilo. Jioni moja aliichagua seli ya risiti, akagusa tarakimu 7 bila kukusudia, akabonyeza Enter, na namba nzima ikawa 7. Kosa lilikuwa langu. Jedwali la Qt, lisipoelekezwa vingine, huruhusu kuhariri kwa kubofya mara mbili, kwa F2, na hata kwa kuanza tu kuandika juu ya seli iliyochaguliwa. Tena QTableWidgetItem, yaani kipengele kinachobeba data ya seli moja, huzaliwa ikiwa na ruhusa ya kuhaririwa, tofauti na vipengele vya QListWidget, yaani orodha ya Qt, ambavyo huzaliwa bila ruhusa hiyo.

Nikaita setEditTriggers, amri inayochagua ni ishara zipi zifungue seli ihaririwe, nikaipa NoEditTriggers, yaani isiwepo hata moja, nikarejea Kampala nimeridhika. Hapo nikakosea mara ya pili. Amri ile huzuia ishara za kipanya na kibodi tu, wala haiigusi ruhusa ya kipengele chenyewe. Kitufe cha "Sahihisha" nilichokiweka chini ya jedwali kiliita edit(), amri ya kufungua seli kutoka ndani ya programu, nayo ikafungua seli ya risiti kama kawaida.

Ruhusa yenyewe ni biti moja, ItemIsEditable, yenye thamani 2, miongoni mwa bendera, yaani swichi za kuwasha na kuzima, za kila kipengele. Ikiondolewa, edit() hukataa. Lakini iondoeni kwa uangalifu:

item->setFlags(item->flags() & ~Qt::ItemIsEditable);

Mkiandika sifuri badala yake mtaizima pia ItemIsEnabled, biti inayoifanya seli itumike, seli itakuwa ya kijivu, na karani atawapigia simu. Wapo wanaotumia alama ya ^, ambayo mimi siipendi hata kidogo, kwa sababu hugeuza biti badala ya kuiondoa: mstari huohuo wa msimbo ukitekelezwa mara ya pili, ruhusa inarudi.

Biti hiyo nayo humzuia mtumiaji, haimzuii mwandishi wa programu. Msimbo wowote unaoita setData, amri ya kuandika thamani kwenye seli, moja kwa moja hupita, isipokuwa kama modeli, yaani sehemu inayotunza data ya jedwali, ni yenu na mmeiandika irudishe false.

Siku hizi stooni kilo huweza kuhaririwa hadi risiti ichapwe. Ikishachapwa, programu huiondoa biti kwenye mstari mzima wa jedwali.