Nakala safi inanitia wasiwasi

Haya jamani, wa nyuma sogeeni mbele, hii maiki leo inakatakata. Tunaongelea vitabu vya zamani vya marabi wa Kihasidi, yani walimu wa dini wa kundi moja la Wayahudi, na msicheke, hawa sio hasidi wetu wa kijicho, kwa Kiebrania hasidi ni mcha Mungu.

Sasa mwanzilishi wao, Baal Shem Tov, alifariki 1760 huko Medzhybizh, Ukraine ya leo, na hakuacha kitabu hata kimoja. Wenyewe wanahadithia siku moja alimuona shetani anatembea na kitabu mkononi, akamuuliza hicho nini, shetani akamjibu ni kitabu ulichoandika wewe, kumbe kuna mtu wake alikuwa anaandika kimyakimya kila anachosema, mzee akakisoma akasema humu hamna hata neno langu moja. Duh.

Ikapita miaka 20 ndo mwanafunzi wake, Jacob Joseph wa Polonne, akatoa Toldot Yaakov Yosef pale mji wa Korets, 1780, kitabu cha kwanza cha Kihasidi kupigwa chapa, na humo kila saa unakutana na "nilisikia kwa mwalimu wangu". Mwaka wanauhesabu kwa herufi, aliyesoma abjadi hapati tabu: ta 400, qafu 100, mimu 40, hiyo 540, elfu tano ya mbele wanaiacha, yani 5540 ya kalenda yao.

Wapinzani wao walikichukia mpaka sehemu zingine kikachomwa moto. Ila mi naona waliokipenda ndo walikimaliza zaidi. Ile kona ya chini kidole kinapogeuzia imekuwa nyeusi, laini kama kitambaa, tone la nta limeganda katikati ya mstari, kurasa za mwanzo hazipo. Noam Elimelech, kitabu kingine cha Kihasidi, cha Lemberg (Lviv ya leo) 1788, kiliwekwa mpaka chini ya mto wa mama mwenye uchungu, kama hirizi, sasa kitabakije kisafi?

Ndo mana ukiniletea nakala nyeupe peee, kila kitu kipo, kwanza nauangalia ukurasa wa mbele, mana watu wanauchomoa kwenye nakala ingine wanaubandika. Angalia matundu ya wadudu! Mdudu hatoboi ukurasa wa kwanza, akaruka wa pili, akaendelea na wa tatu. Na hata ukurasa halali unadanganya, kuna wachapaji wa Lemberg waliweka mwaka au mji wa uongo kuwakwepa wakaguzi wa vitabu wa Austria, iliyotawala huko enzi hizo.

Nakala za mji wa Slavuta ndo usiseme. Matbaa ya kina Shapira, Tanya, kitabu kingine cha Kihasidi, ilitoka hapo 1796 bila jina la mtunzi. Baadaye mfanyakazi mmoja akakutwa ananing'inia, ndugu wawili wenye matbaa wakashtakiwa kwamba wamemuua, 1836 Tsar, mfalme wa Urusi, akafunga matbaa za Kiyahudi zote akabakiza mbili tu, na wale ndugu wakaja kuchapwa viboko hadharani, hukumu Siberia.

Haya, maswali. We kijana wa dirishani, kama ni bei subiri, naanza na huyu mama.