Miswada ya Timbuktu: Boksi Kwanza, Kamera Baadaye

ZUHURA: Karibuni, wasikilizaji. Leo tuko Mali. Januari 2013, wanamgambo walioishika Timbuktu tangu 2012 waliichoma moto miswada, yaani maandiko ya kale ya mkono, ya Taasisi ya Ahmed Baba, maktaba ya serikali, kisha wakatimka. Mwalimu Mashaka, ilipotea mingapi?

MASHAKA: Hesabu inayotajwa ni 4,203, iliyoungua au kuibwa. Inauma, dada. Lakini iliyo mingi ilikuwa imeshatoroshwa. Abdel Kader Haidara na jumuiya ya maktaba za kifamilia, SAVAMA-DCI, waliipakia kwenye masanduku ya bati ikapelekwa Bamako, mingine kwa magari, mingine kwa mashua za Mto Niger. Ni mamia ya maelfu ya miswada.

ZUHURA: Wengi wanajua mpaka hapo tu, eti imefika salama, basi.

MASHAKA: Na hapo ndipo shida nyingine ilipoanza. Timbuktu iko ukingoni mwa Sahara, hewa yake kavu. Bamako mvua zinanyesha miezi mfululizo. Unyevu wa hewa ukikaa juu ya asilimia 65 kwa siku kadhaa, karatasi inaota ukungu. Halafu lile sanduku la bati, lililofaa sana safarini, ghalani linageuka adui. Mchana linapata moto, usiku linapoa, mvuke uliomo ndani unakuwa matone chini ya kifuniko na kuidondokea karatasi ya juu.

ZUHURA: Kwa hiyo msaada wa kwanza ulipaswa kwenda wapi?

MASHAKA: Kwenye hewa na maboksi. Wizara ya Mambo ya Nje ya Ujerumani, wakfu wa Gerda Henkel na Chuo Kikuu cha Hamburg ni miongoni mwa walioingia mapema. Chumba kinawekewa mashine ya kupunguza unyevu na kipimo ukutani, shabaha ikiwa asilimia 45 hadi 55. Kosa linalorudiwa na wafadhili ni kununua mashine bila kutenga fedha za umeme, mafuta ya jenereta na fundi. Umeme ukikatika, unyevu unapanda. Ukirudi, unashuka ghafla. Karatasi inatanuka na kusinyaa, wino unabanduka. Heri asilimia 58 isiyobadilika kuliko 45 ya leo na 70 ya kesho.

ZUHURA: Tuje kwenye boksi lenyewe. Mtu atauliza, kwani boksi lina nini cha kufundishwa?

MASHAKA: Lina mengi! Miswada mingi ya Timbuktu haijashonwa. Ni karatasi moja moja ndani ya jalada la ngozi, na hakuna miwili inayolingana. Kwa hiyo kila mmoja unapimwa urefu, upana na unene, unaongeza milimita mbili tatu, ndipo unakata. Likibana, kingo zinasagika kila unapoutoa. Likipwaya, karatasi zinatembea ndani. Kadi iwe isiyo na asidi, na mkunjo ufuate mkondo wa nyuzi zake. Ukikunja kinyume, panapasuka. Usitie pini wala utepe wa gundi. Pini hushika kutu, utepe huacha doa lisilotoka. Funga kwa ukanda wa pamba.

ZUHURA: Na karatasi iliyoliwa na mchwa au kumeguka?

MASHAKA: Kwanza vumbi, kwa brashi laini, toka katikati kwenda kingoni. Usipulize kwa mdomo, mate ni unyevu. Kisha palipochanika panawekwa kipande cha karatasi nyembamba ya Kijapani kwa gundi ya wanga wa ngano, ambayo baadaye inaweza kutolewa kwa maji kidogo. Ila hapa uujue wino kwanza. Wino wa masizi kwa kawaida hauli karatasi. Wino wenye chumvi ya chuma unaila. Utaona herufi zimekuwa matundu. Huo ukiulowesha, chuma kinasambaa na kwenda kuharibu palipokuwa pazima. Hapo gundi iwe karibu kavu kabisa, au usiguse, mswada uuweke kwenye boksi tu.

ZUHURA: Kamera je? Maana picha ndizo zinazopendwa na magazeti.

MASHAKA: Tangu 2013 maktaba ya miswada ya HMML, iliyoko Minnesota, Marekani, imeshirikiana na SAVAMA kupiga picha. Kazi nzuri na ya lazima. Lakini karatasi hazijashonwa na mara nyingi hazina namba. Mpiga picha akizichanganya, ameuharibu mswada bila kuuchana. Kinachookoa ni lile neno linaloandikwa chini ya ukurasa, ambalo ndilo linaloanza ukurasa unaofuata.

ZUHURA: Desturi ya miswada ya hati za Kiarabu, hata ya huku kwetu pwani.

MASHAKA: Naam. Ndiyo maana mezani awepo mtu anayesoma Kiarabu, si fundi wa kamera peke yake. Na nalisisitiza hili: picha zikienda Marekani au Ulaya, mswada unabaki mali ya familia, nakala ibaki nao, na ruhusa ya kuuchapisha itoke kwao. Mradi usioandika hayo kwenye mkataba, mimi nisingeusaini.

ZUHURA: Agosti 2025 serikali ya Mali ilianza kuirudisha Timbuktu miswada ya ile Taasisi ya Ahmed Baba, kwa ndege. Makreti zaidi ya 200, kama tani 5.5.

MASHAKA: Na sababu mojawapo iliyotajwa ni unyevu huohuo wa Bamako. Lakini karatasi iliyozoea unyevu miaka 12 ukiianika ghafla kwenye hewa ya jangwani inakauka na kuvunjika, na ngozi ya jalada inajikunja. Kreti zikae zimefungwa kwanza, chumba kikiwa kimetulia, zifunguliwe chache chache, kipimo cha unyevu kikiwa ndani ya kreti, si ukutani tu.