Gari Linasita Lini? Mazungumzo na Wenye Magari ya Petroli ya Zamani

Ndugu mafundi, na ninyi wenye magari mliokuja kusikiliza, asanteni kwa kuitika. Leo tuna lalamiko moja tu. Gari linawaka vizuri, sailensa, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta, imetulia, ukiendesha taratibu halina neno. Sasa unataka kulipita lori, unakanyaga mafuta mpaka chini, injini inasita. Hapo uko upande usio wako wa barabara. Ndiyo maana ugonjwa huu nauchukulia kwa uzito, hata kama mwenye gari ameshauzoea.

Wengi wakifika hapo wanaanza kununua: plagi mpya, kisha koili, kisha pampu. Nawaomba, kabla hamjashika spana, ulizeni kwanza: linasita lini? Ni palepale mguu unaposhuka, au ni baada ya sekunde kadhaa za kukanyaga? Mwambieni mwenye gari akae pembeni, mkaendeshe wenyewe kwenye mlima, mhesabu kimoyomoyo.

Tuchukue lile la palepale. Ukifungua ghafla kipepeo, ile sahani inayoruhusu hewa kuingia kwenye kabureta inayochanganya hewa na petroli, hewa inaingia mara moja kwa sababu ni nyepesi. Petroli ni nzito, inachelewa, na nyingine inashika ukutani mwa manifoldi, bomba la kuelekea silinda. Kwa hesabu, kilo 1 ya petroli inahitaji takriban kilo 14.7 za hewa ili iungue yote. Injini ikidaiwa nguvu inataka mafuta mengi zaidi, kilo 1 kwa kilo 12.5 au 13 hivi za hewa. Yaani wakati ule ule inapotaka mafuta zaidi ndipo inapopata pungufu. Kuziba pengo hilo, kabureta nyingi zina pampu ndogo iliyounganishwa na wenzo wa mafuta, inayorusha petroli kila unapokanyaga.

Kuipima hakuhitaji chombo. Zima injini, iache ipoe, hakikisha hakuna moto wala sigara karibu. Toa chujio la hewa, chungulia kooni mwa kabureta, vuta wenzo kwa mkono. Mchirizi wa petroli utoke hapo hapo, mnene na ulionyooka, tangu wenzo unapoanza kusogea. Ukivuta nusu nzima ndipo yadondoke matone mawili matatu, diaframu ya pampu, kile kiwambo laini cha ndani, imekakamaa au imechanika, au kitundu cha kurushia kimeziba. Kabureta za aina ya SU hazina pampu hiyo. Kazi yake inafanywa na oili iliyomo juu ya pistoni ya kabureta. Oili ikiisha, gari linasita vilevile, na dawa ni kuijaza tu. Inaniuma kuona kabureta nzima ya namna hiyo inatupwa.

Kama mchirizi ni mzuri, nenda kwenye distributa, inayogawa umeme kwa plagi. Chomoa mpira wa hewa unaotoka kabureta, unyonye kwa mdomo, kisha uzibe kwa ulimi. Sahani ya ndani isogee na ibaki pale ulipoishikilia. Ikirudi yenyewe, diaframu inavuja. Angalia na taiming, yaani wakati plagi inapotoa cheche, maana moto ukichelewa gari linakuwa zito kila ukianza kukanyaga.

Sasa lile la baada ya sekunde kadhaa. Gari linaondoka vizuri, linavuta, halafu linanywea. Ukiachia mguu kidogo linarudi. Hapa mafuta hayafiki ya kutosha. Kibakuli cha kabureta kina akiba, na injini inaimaliza haraka kuliko pampu inavyojaza. Kagua filta, pampu, chujio la ndani ya tangi. Pia legeza kifuniko cha tangi: ukisikia hewa inavutwa kwa nguvu kuingia ndani, na gari likapona kwa muda, njia ya hewa ya tangi imeziba.

Naona mkono kule nyuma. Ndiyo, mzee wangu, gari lako ni la nozeli, halina kabureta, petroli inarushwa na nozeli. Kanuni ni ileile. Mengi ya zamani yanataka presha ya bar 2.5 hadi 3 hivi, ila usiridhike na geji ikisoma vizuri kwenye sailensa. Isomeni gari likiwa na mzigo, maana hapo ndipo pampu dhaifu inapojulikana. Halafu pima kihisi cha kipepeo: volti zipande polepole bila kuruka. Kihisi cha hewa kikiwa kichafu kisafishwe kwa dawa yake.

Umeme wa plagi nao una tabia yake. Ukikanyaga, presha ndani ya silinda inapanda, na cheche inahitaji volti kubwa zaidi kuruka. Kama kuna njia rahisi pengine, itapita huko. Tazameni kifuniko hiki cha distributa, kipitisheni mkono kwa mkono. Mnaona kale kamstari keusi kembamba kama unywele, kutoka nguzo moja hadi nyingine? Kwenye sailensa hakana madhara. Mlimani, moto unatembea juu yake na silinda mbili zinachanganyikiwa. Gizani, injini ikiwaka, utaona cheche za bluu kwenye kifuniko au waya. Tazama tu, usiguse. Na pima nafasi ya plagi kwa fila, vile vibamba vyembamba vya kupimia: magari mengi ya platini, yaani yenye kikata umeme ndani ya distributa, yanataka milimita 0.6 hadi 0.8, na plagi iliyochakaa inazidi hapo.

Kwa sikio langu, umeme ukikatika gari linashtuka kwa ukali. Mafuta yakipungua linafifia polepole. Nauamini sana utofauti huo.

Mkimaliza hayo yote na gari bado halivuti, fungeni geji ya vakyumu, inayopima mvuto wa hewa, kwenye manifoldi, shikilieni injini kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika. Sindano ikizidi kushuka taratibu, ekzosi imeziba, na mara nyingi ni katalisti, kichujio cha moshi kwenye bomba la ekzosi. Fungueni bomba kabla ya katalisti, upande wa injini, mjaribu tena.