Alama Nyekundu Kwenye Mizani

BARAKA: Wasikilizaji wetu, karibuni tena. Tuko Temeke, mvua imetuchelewesha asubuhi lakini tumefika. Dada Zuhura, mada ya leo umeileta wewe.

ZUHURA: Nimeileta mimi, kaka Baraka, na nimekaa nayo muda mrefu. Nataka tuwazungumzie watu wenye ulemavu wa akili, ila wale waliokwisha kuwa watu wazima. Mtoto angalau ana pa kwenda. Ipo Sinza Maalum, ipo Uhuru Mchanganyiko pale Ilala, na shule nyingine zina vitengo. Sasa siku akimaliza?

BARAKA: Anarudi nyumbani.

ZUHURA: Anarudi kukaa. Mdogo wangu alimaliza akiwa na miaka 19, akakaa miaka 7 chini ya mwarobaini wetu Mtoni, anaangalia magari yanavyopita. Na mama akakaa naye. Mama alikuwa anauza vitumbua, akaacha, kwa sababu amwachie nani? Hata msiba wa jirani ilibidi mmoja wetu aombe ruhusa kazini ndipo mama atoke. Kwa hiyo nikisema huduma ya mchana kwa mtu mzima mwenye ulemavu wa akili, watu wajue nazungumzia nyumba nzima.

BARAKA: Na vyuo vya ufundi? Yombo kuna chuo cha watu wenye ulemavu, VETA nao wapo.

ZUHURA: Tulizunguka sana. Sitataja mahali, lakini chuo kimoja tuliambiwa, "Hajui kusoma wala kuandika, mrudisheni akishajua." Miaka 10 ya shule hakujua, atajulia wapi tena? Na pengine tulipoambiwa kuna nafasi, alifundishwa kushona mikeka ya plastiki mwaka mzima. Alijua kushona. Alipomaliza, hakuna aliyehitaji mshona mikeka. Akarudi mwarobaini.

BARAKA: Yaani aliandaliwa kwa kazi ambayo haipo.

ZUHURA: Eeh. Na hilo si la kwetu tu, Marekani walilipitia. Kwa miaka mingi watu hawa walipelekwa kwenye karakana za peke yao, wakawa wanaambiwa wanajiandaa na ajira, na wengi hawakutoka humo. Sasa kulikuwa na mwalimu mmoja wa chuo kikuu cha Illinois, Marc Gold. Mwaka 1972 alichapisha utafiti wake. Alikwenda kwenye karakana za namna hiyo akawachukua watu 64, ulemavu wao ni wa kati na mkubwa, akawafundisha kuunganisha breki ya baiskeli yenye vipande 15.

BARAKA: Vipande 15! Mimi mwenyewe nikiifungua ile ya nyuma, nampelekea fundi.

ZUHURA: Wakajifunza. Wakapewa na nyingine ya vipande 24. Alichofanya ni kuivunja kazi hatua moja moja, kipande hiki kinaingia hapa, kikigoma kigeuze. Maneno machache, mkono unaonyesha. Na mtu akishindwa, yeye hakusema "huyu hafundishiki". Alisema mimi ndiye sijapata njia, ngoja nijaribu nyingine.

BARAKA: Hapo amemgeuzia mwalimu mzigo.

ZUHURA: Na mimi naona ndipo unapostahili kukaa. Halafu miaka ya 1980, kule Virginia, Paul Wehman na wenzake wakasukuma mbele jambo jingine: mpeleke mtu kazini kwanza, kazi ya kweli yenye mshahara, halafu umfundishie pale pale. Anakuwepo msaidizi anayesimama naye wiki za mwanzo, anajifunza ile kazi yeye mwenyewe kwanza, kisha anamwonyesha, kisha anapunguza saa zake kidogo kidogo mpaka anaondoka. Haondoki moja kwa moja, anapita kuangalia. Niliposoma hayo nikasema, kumbe tulianza nyuma mbele.

BARAKA: Basi tueleze mlivyofanya Tandika, maana ndicho nilichotaka watu wasikie.

ZUHURA: Kuna mama ana duka la nafaka Tandika, anamfahamu mama yetu tangu zamani. Nikamwomba, shangazi, nipe siku 14 za likizo yangu nije dukani kwako na mdogo wangu, sitaki umlipe siku hizo. Siku mbili za kwanza nilifanya kazi mimi, yeye anaangalia. Kupima sukari nusu kilo: fungua mfuko wa khaki, uweke kwenye sahani ya mizani, chota kwa kopo, mimina, acha, kunja mara mbili, panga kwenye kreti. Nilihesabu hatua 7. Tatizo likawa namba. Hasomi namba.

BARAKA: Na mizani ni namba tupu.

ZUHURA: Mizani ile ya saa, yenye mshale. Yule mama mwenyewe ndiye aliyepata jibu, siyo mimi. Alichukua utepe mwekundu akabandika kwenye nusu kilo. Akamwambia, "Baba, mshale ukigusa nyekundu, mkono wako unasimama." Alipitiliza mara nyingi siku ile. Siku ya nne akawa anamalizia sukari kidogo ya mwisho kwa vidole. Hakuna aliyemfundisha hiyo ya vidole. Wiki iliyofuata akawekewa utepe wa bluu kwenye robo.

BARAKA: Nimesisimka. Na kufika dukani?

ZUHURA: Safari ilitusumbua kuliko sukari. Daladala anaijua kwa mstari wake wa rangi, hilo halikuwa shida. Shida ilikuwa kuwaambia "shusha". Konda akipiga kelele yeye anaganda. Mara mbili alipitilizwa, mara ya pili mama alilia mpaka magharibi. Tukawaendea makonda wa kituo chetu, tukawaomba. Sasa wapo wanaompigia bodi wenyewe akifika, wanamwita "bosi wa sukari", naye anapenda.

BARAKA: Dada, malipo je? Maana hapa ndipo watu wanapoumizwa.

ZUHURA: Tuliumizwa. Kabla ya Tandika alipokewa kwenye biashara moja, akafagia na kubeba maji miezi mitatu kwa nauli na sahani ya wali. Tulipouliza, tukajibiwa kwamba tunasaidiwa kumtunza. Kumtunza! Anafika saa moja asubuhi. Na usidhani ni ujinga wa hapa tu; Marekani sheria yao ya 1938 iliruhusu mwajiri mwenye kibali awalipe watu wenye ulemavu chini ya kima cha chini, na majimbo kadhaa yamekuja kupiga marufuku miaka hii ya karibuni. Tandika analipwa kibarua cha siku sawa na kijana mwingine wa pale. Siku 4 kwa wiki.

BARAKA: Na sheria yetu ipo. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010: mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi, asilimia 3 wawe watu wenye ulemavu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu tuliuridhia 2009. Halmashauri nazo zina ile asilimia 2 ya mapato yake ya ndani, ya kuwakopesha watu wenye ulemavu.

ZUHURA: Zipo, nazishukuru. Lakini mwajiri akitafuta hiyo asilimia 3, anawaza nani? Anawaza mwenye cheti. Mdogo wangu hana cheti, na hata fomu ya mkopo hawezi kuijaza. Kinachokosekana ni yule mtu wa siku 14. Mimi nilitumia likizo yangu. Asiye na dada mwenye likizo afanyeje? Ningependa halmashauri ianze na watu wawili tu kwa wilaya, walipwe, kazi yao iwe hiyo ya kusimama na kijana dukani, gereji, hotelini.

BARAKA: Niruhusu nikupinge kidogo. Jirani yangu ana binti wa miaka 30, analishwa, hasemi. Hilo la mizani halimfikii.

ZUHURA: Hunipingi, kaka, ni kweli kabisa. Huyo naye anahitaji siku yenye kitu ndani yake. Apelekwe sokoni, aguse nyanya, asikie ngoma, awe na rafiki asiye ndugu yake. Ila isiwe chumba cha kuwafungia watu waangalie televisheni mpaka jioni. Nimekiona chumba cha hivyo, nilitoka nikakaa nje.

BARAKA: Na mama yenu sasa?

ZUHURA: Siku zile 4 anakaanga vitumbua. Anaweka meza pale pale chini ya mwarobaini.

BARAKA: Na bosi wa sukari?

ZUHURA: Jumatatu anabandikiwa utepe wa tatu, wa kilo nzima. Rangi ameichagua mwenyewe, kijani.