Noeli ya Bukavu: mwaka huu sombe inakaa katikati ya meza

BAHATI: Jambo kwenu wote mnaotusikiliza, mlio Ibanda, Kadutu na Bagira hapa Bukavu, na nyinyi ndugu zetu mliotawanyika mbali. Ni Bahati hapa. Niko na dada yetu mkubwa, yaya Furaha, na leo tunaongea toka nyumbani kwake, Kadutu, huku juu kilimani. Mvua imetoka kunyesha sasa hivi, kwa hiyo mkisikia matone kwenye mabati, ndiyo hayo.

FURAHA: Na mkisikia mtu anatwanga, ni jirani wangu wa chini. Hiyo ni sombe yake ya leo jioni, majani ya muhogo. Ya Noeli, mimi nitaitwanga tarehe 24 asubuhi.

BAHATI: Ndiyo neno lililotuleta. Yaya ameniambia kwamba mwaka huu, siku ya Noeli, hapiki friti, vile viazi vya kukaanga.

FURAHA: Sipiki.

BAHATI: Na wali?

FURAHA: Wali utakuwepo, mchele wetu wa uwanda wa Ruzizi. Watoto hawawezi kunisamehe wakiukosa. Kuku naye atakuwepo, mmoja, na Mungu akijalia wawili. Lakini pale katikati ya meza ninaweka sombe, bugali na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu. Wali na kuku watakaa pembeni.

BAHATI: Sasa nikuambie nilivyokulia mimi. Kwetu Noeli ilikuwa siku ya kutokula sombe. Mwaka mzima ni sombe, maharage, lengalenga, kesho sombe tena. Ikifika tarehe 25 unavaa nguo mpya, viatu vinabana, unaenda misa, na ukirudi unakuta wali, nyama, na chupa moja ya soda ya kugawana na mdogo wako. Mama angeleta sombe siku ile, tungejua hali ya nyumba imekuwa mbaya kabisa.

FURAHA: Hata sisi ilikuwa hivyo. Na siwalaumu wazazi wetu. Nyama ilikuwa namna ya kumwambia mtoto kwamba leo si kama jana, leo amezaliwa Mwokozi. Mimi bado ninaipenda ile furaha ya wali wa Noeli. Kilichonigeuza ni kitu kingine. Nilikaa nikajiuliza: siku ya Noeli, mama yangu alikuwa wapi?

BAHATI: Jikoni.

FURAHA: Jikoni, kwenye moto wa makala. Friti haziwezi kukaangwa jana yake, lazima zikaangwe wakati watu wanakula. Kwa hiyo wageni wako sebuleni wanacheka, baba anasimulia habari, watoto wanaonyeshana nguo, na mama yuko nje na karai la mafuta ya moto, anatuma sahani moja moja. Nilipoolewa nikafanya vile vile miaka mingi. Mwaka mmoja shangazi yangu alikuja toka Uvira, tulikuwa hatujaonana muda mrefu sana. Alifika saa tano, akaondoka saa kumi. Nilikaa naye labda nusu saa. Alipopanda gari nililia.

BAHATI: Pole, yaya.

FURAHA: Ndipo nikaanza kufikiri juu ya sombe. Sombe unaipika tarehe 24. Inalala. Kesho yake unaipasha tu, na kila mtu hapa anajua kwamba sombe iliyolala ni tamu kuliko ya siku ya kwanza. Bugali ni kusonga kidogo, hata kijana anaweza. Halafu mpishi anavua kitenge cha jikoni, anavaa nguo yake nzuri, anakaa na watu.

BAHATI: Hapo umenishika. Basi tupe hiyo sombe, toka mwanzo. Kuna vijana wanatusikiliza wanaishi peke yao, hawajawahi kuipika.

FURAHA: Chagua majani machanga ya muhogo, yale ya juu, laini. Ondoa vijiti. Siku hizi sokoni wapo wenye mashine ya kusaga, unalipa kidogo unarudi nayo tayari, na siku ya kazi hata mimi ninaipeleka mashine. Kwa Noeli ninatwanga. Mashine inaifanya iwe uji. Mchi unaacha nyuzi kidogo, ulimi unaisikia.

Sasa hapa msikilize vizuri. Majani ya muhogo yana sumu, si mchezo. Kutwanga kunayapasua majani, ile sumu inaachiliwa, halafu inatoka na mvuke wakati wa kuchemsha. Njo maana bibi zetu walikuwa wanakataa mtu kufunika chungu mwanzoni. Acha ichemke wazi, saa nzima au zaidi. Usiwe na haraka, na usitie mafuta mapema.

BAHATI: Mimi nilikuwa ninadhani kutofunika ni kwa ajili ya rangi ya kijani.

FURAHA: Rangi nayo inabaki nzuri, lakini afya ya watu ndiyo ya kwanza. Ikishaiva, maji yamepungua, ndipo unatia vitunguu, poaro, yaani liki, iliyokatwa, pilipili hoho, karanga za kusaga ukiwa nazo, chumvi. Halafu mawese. Na mawese yawe mekundu ya kweli. Huku kwetu Bukavu tuko juu, ziwa Kivu lenyewe liko mita 1,460 juu ya bahari, baridi hii michikichi haiipendi. Mawese yetu yanapanda toka kule chini kwenye joto, upande wa Fizi, upande wa Mwenga. Mimi nikifungua bidoni ninanusa barabara nzima iliyoyaleta. Hapo unaacha itokote polepole mpaka mafuta yapande juu yang'ae.

BAHATI: Nimeanza kusikia njaa, na ni saa nne ya asubuhi. Tuje kwa sambaza, maana hapo mimi ndiye mwenye habari.

FURAHA: Ongea. Wewe ni mtoto wa ziwa.

BAHATI: Watu wengi wanafikiri sambaza alikuwepo katika Kivu toka Mungu aumbe ziwa. Hapana. Aliletwa toka Tanganyika mwaka 1959. Ziwa letu lilikuwa na samaki wa aina chache, na kule katikati penye kina hapakuwa na samaki wa kula vile vijidudu vidogo vya majini. Wakamleta huyu, akazaa, akajaa. Ni samaki yule yule ambaye Lubumbashi wanamwita kapenta. Kwa hiyo meza ya sambaza, hata koko zetu, bibi zetu, walipokuwa wasichana hawakuikuta.

FURAHA: Kumbe! Mimi nilikuwa ninamhesabu kama wa mababu.

BAHATI: Ni mgeni aliyezoea nyumba. Na wavuvi wake mnawajua: mitumbwi mitatu inafungwa pamoja na miti mirefu, wavu katikati, taa juu ya maji. Sambaza anafuata mwanga wa taa, wanainua wavu. Usiku ukisimama hapa kilimani unaona ziwa limekuwa kama mji mwingine. Alfajiri wanarudi wakiimba, na wimbo unafika pwani kabla ya mitumbwi.

Lakini mwezi ukijaa, kazi inasimama. Mwanga uko kila mahali, taa haina nguvu tena, samaki hawakusanyiki. Wavuvi wanapumzika siku kadhaa, wanashona nyavu. Na hapo ndipo Noeli ya 2015 ilitupata.

FURAHA: Ninaikumbuka ile. Usiku mweupe kama mchana.

BAHATI: Mwezi ulijaa siku ile ile ya tarehe 25. Ilikuwa haijatokea toka 1977, na haitatokea tena mpaka 2034. Sasa mwaka ule baba mdogo alikuwa anakuja toka Kinshasa, miaka mingi hajakanyaga Bukavu. Kwenye simu alikuwa anasema neno moja tu: sambaza. Msininunulie nyama, nataka sambaza mbichi wa kukaanga, na limao, na pilipili. Mama akamwahidi. Tarehe 24 alfajiri akanituma pwani na beseni. Nikafika, kimya. Mitumbwi imefungwa. Mama mmoja muuzaji akanitazama akasema, mwanangu, hukuangalia mbinguni jana?

FURAHA: Maskini. Ukarudi na beseni tupu.

BAHATI: Tupu. Mama akakaa chini kwenye kigoda, hakusema kitu. Ahadi kwa shemeji yake ilikuwa nzito. Ndipo koko akainuka polepole, akaingia chumbani mwake, akatoka na mfuko wa sambaza wakavu. Alikuwa amewanunua wiki mbili kabla, mwezi ukiwa mwembamba na bei ikiwa chini. Akawaosha kwa maji ya moto, akawaondoa vichwa, akawatia ndani ya sombe. Baba mdogo alikula sahani tatu. Mpaka leo akipiga simu hasemi tena habari ya sambaza wa kukaanga. Anauliza, ile sombe ya mama, ni nani sasa anajua kuipika?

FURAHA: Na ni nani?

BAHATI: Hakuna. Koko alituacha mwaka uliofuata. Mimi ninajaribu, lakini haifiki.

FURAHA: Nitakuonyesha. Kama alikuwa anaondoa vichwa, basi alikuwa anaepuka uchungu. Na wale wakavu unawatia mwisho, baada ya mawese, wasisagike. Uliwatia mwanzoni?

BAHATI: Mwanzoni kabisa.

FURAHA: Ndiyo kosa. Wanayeyuka, inabaki harufu tu.

BAHATI: Nimepata. Basi wasikilizaji, kabla ya kupanga meza yenu, tazameni mwezi. Ukiwa mwembamba, nunueni wabichi asubuhi ile ile. Ukiwa mpevu, mjitayarishe na wakavu mapema.

FURAHA: Sasa nije kwa jambo ambalo mimi ninalishika zaidi ya yote. Sahani za majirani.

BAHATI: Enhe.

FURAHA: Hapa kwenye avenyu yetu kuna familia mbili za Waislamu. Siku ya Idi, kabla hata sijatoka nje, mtoto anagonga mlango na pilau imefunikwa kitambaa. Siku ya Noeli ni zamu yetu. Lakini sahani haipelekwi kienyeji. Kuku wangu ninampeleka kwa mzee wa nyumba ya tatu, anamchinja yeye kwa namna yake, ndipo ninapika. Hivyo chungu changu kinaweza kuingia nyumba zote bila mtu kuuliza. Mama yangu alifanya hivyo, na mimi ninafanya hivyo.

BAHATI: Kwetu pia. Tulikuwa tunagombania nani apeleke sahani, maana hairudi tupu.

FURAHA: Haiwezi kurudi tupu! Hata kama ni ndizi mbili, hata kipande cha ananasi la Idjwi. Na mwaka huu ninaongeza sahani. Ninyi mnajua hali. Karibu kila nyumba ina watu waliofika na mizigo kichwani, wamekimbia kwao, wameacha mashamba yao. Kuna mama mmoja yuko hapa nyuma na watoto watano. Kuku wangu mmoja hataenea watu hao wote. Sombe inaenea. Ukiongeza kinu kimoja cha majani, umeongeza watu kumi. Friti ningehesabu vijiti.

BAHATI: Na huyo mama, umemwalika?

FURAHA: Nilimwalika, akasita. Akasema hana cha kuleta. Nikamwambia alete mikono, tutwange pamoja tarehe 24. Akacheka, mara ya kwanza ninamwona anacheka. Kumbe kwao ndiye alikuwa anaitwa kutwanga kwenye harusi. Sasa yeye ndiye ataniongoza mimi.

BAHATI: Hiyo ni nzuri sana, yaya. Na misa?

FURAHA: Parokiani kwetu misa ya mkesha inaanza mapema siku hizi, watu wafike nyumbani kabla usiku haujakomaa. Tutacheza Utukufu kama kawaida, ninyi mnaotusikiliza toka mbali mnajua namna watu wa huku wanavyocheza mbele ya altare. Ile misa yetu ya Zaire, Roma iliikubali mwaka 1988, lakini magoti yangu yanafikiri ni ya jana. Tukirudi, sombe itakuwa juu ya makala yaliyofunikwa majivu, inalala.

BAHATI: Na wale wasioweza kuja?

FURAHA: Mwanangu wa kwanza yuko Kampala, hawezi kufika. Nimempa orodha. Kule mawese anayapata, majani ya muhogo anayapata. Saa saba tutafungua simu, ataweka sahani yake mbele yangu, nami yangu mbele yake, tuombe pamoja. Akisema imekuwa chungu nitajua alifunika chungu.

BAHATI: Mimi nitakuja tarehe 24 asubuhi. Nitaleta sambaza wakavu, niliwanunua juzi, na limao. Nilete nini tena?

FURAHA: Njoo na mchi. Wangu mmoja umepasuka, na tutakuwa watatu kwenye kinu.

BAHATI: Ule wa koko bado uko nyumbani, nyuma ya mlango. Ni mzito sana.

FURAHA: Ulete huo huo.