Sarlat: Mji wa Kale Uliohifadhiwa na Umaskini, Kisha na Sheria

Ndugu Mwenyekiti, walimu wangu, wanafunzi wa mambo ya kale na wa utalii, mabibi na mabwana.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuutembelea mji wa kale katika maeneo ya mashambani ya Ufaransa. Ningeweza kuwapitisha katika miji kumi kwa saa moja, lakini nimechagua mmoja tu, Sarlat, kwa kuwa mgeni aingiaye humo bila maandalizi huvutiwa na uzuri wake, akapiga picha, akaondoka akidhani kwamba mawe yale yamejitunza yenyewe. Hayakujitunza. Nyumba za Sarlat zimesimama hadi leo kwa sababu, kwa muda wa karne mbili na zaidi, mji ulikosa fedha za kuzibomoa na kujenga mpya. Na zilipokaribia kuanguka zenyewe, taifa lilitunga sheria ya kuzinusuru. Anayelijua hilo huutembea mji ule kwa macho mengine kabisa.

Sarlat ipo kusini-magharibi mwa Ufaransa, katika wilaya ya Dordogne, kwenye sehemu ambayo wenyeji huiita Périgord Noir, yaani Périgord Nyeusi, kwa ajili ya misitu yake mizito ya mialoni. Ni mji mdogo wenye wakazi wapatao 9,000, na tangu mwaka 1965 umeunganishwa na kijiji jirani, ndiyo maana katika ramani mtauona ukiandikwa Sarlat-la-Canéda. Atokaye Paris hupanda treni ya kasi hadi Bordeaux, safari ya saa mbili na dakika chache, kisha hubadili na kuchukua treni ya mkoa inayopita Bergerac na kuishia Sarlat kwenyewe. Treni hiyo ya pili ni ya polepole, hupita katikati ya mashamba ya mizabibu na kuambaa na mto Dordogne, na mimi humshauri kila mtu aipande badala ya kukodi gari, kwa maana inamfundisha mapema jinsi mji huu ulivyokuwa mbali na njia kuu.

Mji ulianza kwa kuizunguka abasia, yaani makao ya watawa, ya Wabenedikto. Mwaka 1299 wenyeji walipata hati iliyowapa mamlaka ya kujiendeshea mambo yao kupitia viongozi wao wenyewe, badala ya kuwa chini ya abati, mkuu wa watawa hao, na mwaka 1317 Papa Yohane wa 22 akaifanya Sarlat kuwa makao ya askofu. Ikaja Vita vya Miaka Mia kati ya Waingereza na Wafaransa. Kwa mkataba wa Brétigny wa mwaka 1360 mji ulikabidhiwa kwa Waingereza, ukarudi kwa mfalme wa Ufaransa miaka kumi baadaye. Vita hivyo vilipokwisha mwaka 1453, wafanyabiashara, mahakimu na watumishi wa mfalme walianza kujenga upya, na nyumba nyingi za fahari ambazo mgeni huziona leo zilijengwa au kufanyiwa marekebisho makubwa katika miaka mia moja na hamsini iliyofuata.

Nyumba moja kati ya hizo naomba tusimame mbele yake. Inatazamana na kanisa kuu la Saint-Sacerdos, nayo ilijengwa katika miaka ya 1520 na Antoine de La Boétie, ofisa wa mahakama. Mwanawe Étienne alizaliwa mwaka 1530, akaja kuwa rafiki wa karibu wa Montaigne, mwandishi maarufu wa insha, na kuandika, angali kijana, insha mashuhuri inayouliza kwa nini watu wengi hukubali kutawaliwa na mtu mmoja. Alifariki mwaka 1563 akiwa na umri wa miaka 32. Wageni husoma kibao, hupiga picha madirisha yaliyogawanywa kwa mihimili ya mawe na nguzo bapa zilizochongwa kwa mtindo uliotoka Italia, kisha hupita. Ningependa wabaki kidogo. Chini kabisa, usawa wa barabara, pana tao pana la jiwe lisilofanana na mapambo ya juu. Hilo lilikuwa tao la duka. Familia ya hakimu, yenye madirisha ya kifahari kuliko jirani zake wote, ilikuwa na sehemu ya biashara chini ya miguu yake, na nyumba ilijengwa kwa kulijua hilo. Mtu akishaliona tao hili mara moja, ataanza kuyaona mengine katika kila kichochoro cha Sarlat, na mji utaanza kumweleza habari za wauzaji na wanunuzi, mbali na zile za mabwana peke yao.

Kisha ainue macho, kwa sababu paa ndilo linalobeba siri kubwa ya ufundi wa mahali hapa. Nyumba za kale za Sarlat zimeezekwa kwa lauze, mawe bapa ya chokaa ambayo mafundi huyapanga kwa tabaka, moja likilalia jingine na kuingia ndani kidogo kadiri paa linavyopanda. Paa la namna hiyo lina uzito unaozidi nusu tani kwa kila mita ya mraba. Ndiyo maana mapaa ya Sarlat yamesimama wima hivyo: mwinuko mkali hulifanya jiwe likandamize lililo chini yake na kuupeleka uzito kwenye kuta, ili kenchi ya mwaloni isielemewe. Kuta nazo hulazimika kuwa nene, na madirisha kuwa na mihimili imara. Kama vile urefu wa boriti ya mkoko ulivyoamua upana wa vyumba vya nyumba za mawe za Lamu, ndivyo uzito wa lauze ulivyoamua sura ya nyumba nzima ya Sarlat, kuanzia kileleni hadi msingi. Ufundi huu ni ghali mno. Fundi anayeweza kuezeka lauze hafundishwi kwa mwaka mmoja, na mwenye nyumba asiye na uwezo huishia kuweka vigae vya udongo.

Gharama hiyo hiyo inatueleza pia yaliyotokea baadaye. Baada ya vita vya dini vya karne ya 16, kati ya Wakatoliki na Waprotestanti, Sarlat ilianza kufifia taratibu. Barabara kubwa zilipita kwingine, Mapinduzi ya Ufaransa yaliuondolea mji uaskofu wake, na reli ilifika kwa kuchelewa, mwishoni mwa karne ya 19. Jambo moja kubwa lililofanywa kwa jina la maendeleo lilikuwa kupasua barabara iliyonyooka katikati ya mji wa kale, leo rue de la République, ambayo wenyeji huiita la Traverse. Barabara hiyo iliukata mji vipande viwili. Upande wa mashariki una kanisa kuu, uwanja wa soko na majumba makubwa, na ndiko umati uendako. Upande wa magharibi una vilima, vichochoro vyembamba na mabaki ya ukuta wa zamani, na kwa maoni yangu ndiko mgeni anakopaswa kuanzia, asubuhi, wakati wenyewe wanafungua madirisha.

Kufikia miaka ya 1950 nyumba nyingi zilikuwa katika hali mbaya. Majumba ya wakubwa wa zamani yalikuwa yamegawanywa vyumba vidogo vidogo kwa wapangaji, ua zilikuwa zimejaa vibanda, paa zilivuja, na mara nyingi hapakuwa na maji wala choo ndani. Sheria za wakati huo hazikutosha. Ile ya mwaka 1913 ililinda jengo moja moja lililotangazwa kuwa la kihistoria, na ile ya mwaka 1943 iliongeza udhibiti katika eneo la mita 500 kulizunguka. Nyumba ya kawaida, ambayo thamani yake ni kusimama bega kwa bega na nyumba nyingine mia, haikuwa na mtetezi, na katika miji mingi ya Ufaransa mitaa ya namna hiyo ilikuwa ikibomolewa kwa hoja ya afya ya umma.

Hapo ndipo alipoingia André Malraux, waziri wa utamaduni kuanzia mwaka 1959 hadi 1969. Sheria inayobeba jina lake ilipitishwa tarehe 4 Agosti 1962, na jambo jipya ndani yake lilikuwa kulinda mtaa mzima kama kitu kimoja. Eneo likishatangazwa, huandaliwa mpango unaolipitia jengo kwa jengo na kuamua lipi lihifadhiwe, lipi linaweza kubadilishwa na lipi liondolewe. Na baada ya hapo hakuna anayebadilisha hata dirisha bila kibali cha msanifu wa serikali. Sarlat ilikuwa miongoni mwa miji ya kwanza kabisa ambamo sheria hiyo ilijaribiwa, katika mji wa kale wenye ukubwa wa takriban hekta 11. Vibanda viliondolewa kwenye ua, mawe yakasafishwa hadi rangi yake ya asali ikarudi, maji na umeme vikaingizwa. Mwaka 2016 mfumo huo ulipewa jina jipya katika sheria za Ufaransa, lakini msingi wake ni ule ule.

Inafaa mgeni ajue pia uamuzi mwingine wa waziri huyo huyo, kwa kuwa ulihusu mahali palipo umbali wa kilomita 25 hivi kutoka Sarlat. Pango la Lascaux, karibu na Montignac, liligunduliwa na vijana tarehe 12 Septemba 1940, na picha za wanyama zilizochorwa humo na watu wa kale sana ziliwavuta wageni wengi kiasi kwamba pumzi zao zilianza kuziharibu. Mwaka 1963 Malraux aliamuru lifungwe. Leo watu huangalia nakala, ya kwanza iliyofunguliwa mwaka 1983 na nyingine kubwa zaidi iliyofunguliwa Desemba 2016. Nawaomba mzingatie jambo hili: ndani ya mwaka mmoja hivi, mkono ule ule ulifunga pango na kufungua mji. Picha za ukutani huishi zisipoguswa. Nyumba hufa isipokaliwa, kwa kuwa paa lisilo na mtu chini yake halina wa kuona tone la kwanza la mvua likipenya.

Ndiyo sababu napenda sana kanisa la Sainte-Marie. Liliuzwa wakati wa Mapinduzi, sehemu ya altare ikabomolewa, na jengo likatumika kwa kazi mbalimbali, ikiwemo ofisi ya posta. Mwanzoni mwa karne hii msanifu Jean Nouvel, aliyekulia Sarlat, aliligeuza kuwa soko la ndani. Mahali palipobomolewa aliweka milango miwili mirefu ya chuma, mizito ajabu, inayofunguka kama lango la ngome, na ndani ya mnara akaweka lifti ya vioo inayomtoa mgeni juu ya paa. Hapo juu ndipo pa kuzitazama zile lauze, sasa kwa usawa wa macho. Chini, kwenye meza, wamo wauzaji wa maini ya bata bukini, jibini na jozi za Périgord. Siku za Jumatano na Jumamosi soko hufurika hadi nje, na katika Jumamosi za majira ya baridi huuzwa trufu, uyoga wa chini ya ardhi ambao mnunuzi huunusa kwanza kabla ya kuuliza bei.

Nimesema nyumba hufa isipokaliwa, na sina budi kulifuata neno hilo hadi mwisho wake. Ukarabati uliogharimu fedha nyingi ulipandisha thamani ya nyumba, na katika mitaa ya kale mingi ya Ufaransa wapangaji maskini walioishi humo kabla ya sheria hawakurudi baada ya mafundi kuondoka. Sasa kuna shinikizo jipya, la vyumba vinavyokodishwa kwa wageni wa siku chache. Atembeaye Sarlat mwezi wa Agosti hawezi kulitambua, kwa sababu vichochoro vimejaa. Aende Februari, saa moja jioni, ahesabu madirisha yenye taa katika ghorofa za juu za upande wa magharibi. Sheria iliyopitishwa Ufaransa Novemba 2024 imezipa halmashauri uwezo wa kuweka kikomo cha idadi ya nyumba za aina hiyo, na wa kupunguza siku ambazo mwenye nyumba anaweza kukodisha makazi yake kwa watalii kutoka 120 hadi 90 kwa mwaka. Ile ya mwaka 1962 iliyaokoa mawe. Hii inajaribu kuwabakiza watu. Kwa hiyo, mkienda, laleni hotelini au kwa familia inayoishi humo mwaka mzima, kisha nunueni mkate mahali wanaponunua wao.

Naona mikono imeshainuliwa huko nyuma. Ndugu Mwenyekiti, niko tayari kwa maswali.