Printa Moja, Kompyuta za Kila Aina

Shikamooni wakubwa zangu, na walimu wenzangu habari za asubuhi.

Karatasi hii nimeitunza miaka kadhaa. Walio nyuma huenda hamuoni, kwa hiyo nawasomea mstari wa juu: %!PS-Adobe-3.0. Chini yake ni herufi, namba na mabano mpaka mwisho wa ukurasa. Zilitoka karatasi za namna hii moja baada ya nyingine hadi tukachomoa waya wa umeme. Ulikuwa usiku wa kuamkia mtihani wa muhula. Mwalimu wa fizikia alikuwa na laptopu ya Ubuntu, ambayo ni aina ya Linux, na printa ilichomekwa kwenye kompyuta ya mhasibu yenye Windows.

Printa ilikuwa nzima kabisa. Ilitumiwa kazi iliyoandikwa kwa PostScript, lugha ya kuielekeza printa iliyotolewa na Adobe mwaka 1984, na yenyewe haiijui. Ikadhani ni maandishi ya kawaida, ikayachapa kama yalivyo.

Shule nyingi bado zinafanya hivyo: printa inachomekwa kwa USB kwenye kompyuta ya mtu mmoja, wengine wanapitia kwake. Mhasibu akizima mashine yake akaondoka, hakuna anayeprinti. Windows hugawa printa kwa SMB, njia yake ya kushirikisha faili na printa kwenye mtandao. Linux huifikia kupitia Samba, programu aliyoianzisha Andrew Tridgell huko Australia mwaka 1992, na inafanya kazi, lakini utahangaika na nywila, na kila mashine itataka draiva yake, yaani programu ya kuiwezesha kuongea na printa. Tena baada ya udhaifu wa kiusalama wa Windows ulioitwa PrintNightmare mwaka 2021, Microsoft walikaza: asiye msimamizi wa kompyuta hawezi kuweka draiva kutoka kwenye seva ya printa.

Nawasihi, printa iingie kwenye mtandao yenyewe, kwa waya au Wi-Fi, na kompyuta zote ziongee nayo kwa IPP, lugha ya pamoja ya kuprinti kwenye mtandao, kupitia mlango wa mtandao namba 631. Hapa kompyuta huanza kwa kuuliza: una karatasi gani, unachapa rangi, unachapa pande mbili, unapokea faili za aina gani? Printa hujibu, ndipo kazi itumwe kwa namna inayoielewa. Mac na Linux zote hutumia CUPS, programu ya Michael Sweet iliyotoka mwaka 1999, iliyojengwa juu ya IPP. Windows 10 na 11 nazo zinaifahamu. Hata AirPrint, njia ya kuprinti ya simu za iPhone, ni IPP hiyohiyo.

Printa yenu ni ya zamani, ina USB tu? Msiitupe. Chukueni kompyuta kuukuu, wekeni Linux na CUPS, ichomekeni hapo. Draiva inakaa sehemu moja, wengine wote wanaiona kama printa ya mtandao.

Jambo linalosahaulika mno ni anwani ya printa kwenye mtandao. Umeme ukikatika na kurudi, ruta inaweza kuipa printa anwani mpya. Jana ilikuwa 192.168.1.23, leo ni 31, na kompyuta zinaendelea kubisha nyumba isiyo na mtu. Watu wanafuta draiva, wanaziweka upya, siku inaisha. Ingieni kwenye ruta, mtenge anwani moja kwa ajili ya printa. Namba ya MAC, yaani namba ya utambulisho ya kifaa kwenye mtandao, mtakayohitaji ipo kwenye ule ukurasa wa mipangilio ambao printa huuchapa yenyewe.

Hii hapa mezani nimeitengea 50. Mwenye Ubuntu na mwenye Windows, njooni mbele na laptopu zenu, mtume ukurasa mmoja mmoja.